Wifi Yangu Ameniuliza Napaka Nini

Jumamosi mbili zilizopita nilikuwa nimekaa meza ya mashangazi kwenye kicheni pati ya mtoto wa shemeji yangu. Muziki umepamba moto, mimi na kitenge changu cha bluu, mara namwona wifi yangu mkubwa anasogeza kiti. Akanitazama usoni, akanitazama shingoni, akanishika mkono akaugeuza kama anachagua nyanya sokoni. Kisha akaniinamia sikioni: "Mama Zawadi, hebu niambie ukweli. Unapaka nini?"

Nyie! Nilitaka kusimama nimnyang'anye mshereheshaji maiki.

Kwa sababu ni wifi huyuhuyu aliyesema mwaka 2010, mbele ya watu, tena msibani, kwamba nimechujuka kama kitenge cha bei rahisi. Nilikuwa na miaka 38. Watu wakacheka chini chini na marehemu yumo ndani. Sijasahau, na sina mpango wa kusahau.

Sasa nina miaka 53. Najua wewe unayesoma hapa nawe unataka siku moja ukae meza ya mashangazi watu waulizane kama wewe ni dada wa bibi harusi. Basi nitasimulia yote, hata yale nisiyoyapenda.

Nimelelewa Tanga na bibi mzaa mama. Bibi alikuna nazi, akakamua tui, akalichemsha taratibu mpaka mafuta yakajitenga, na yale mabaki ya kahawia chini ya sufuria tukayagombania sisi watoto. Mafuta hayo ndiyo tuliyopaka, kuanzia utosini hadi unyayoni, mwili ukiwa bado na majimaji ya kuoga. Ijumaa alisugua liwa, ule mti wa kunukia, kwenye jiwe akajipaka usoni. Mchana hakutoka bila kanga kichwani. Amefariki amepita miaka 80, mashavu yake laini. Mimi sikuona cha kujifunza hapo. Nilikuwa naona aibu kunuka nazi darasani.

Mwaka 1996 nikaolewa, nikaja Dar es Salaam, nyumba ya ukoo, Magomeni. Wifi wanne, wote weupe, na huyu mkubwa anang'aa kuwashinda wenzake. Wiki ya kwanza tu alisema kaka yao amewaletea usiku mchana kweupe. Utani wa wifi na wifi, nilicheka. Usiku nikajitazama kwenye kioo cha kabati nikalia.

Mliowahi kuambiwa maneno kama hayo mnajua yalinipeleka wapi. Kulikuwa na mama mmoja Kariakoo, nyuma ya saluni, anakorogea kwenye beseni la plastiki. Tyubu hii, losheni ile, vidonge vilivyopondwa, na kitu cheupe kutoka chupa isiyo na lebo. Anakupimia kwa kijiko kwenye kopo tupu la siagi. Sikuuliza ni nini. Mwaka huo ni 1998, na mkorogo wake huo wa kujichubua niliupaka kwa miaka 11.

Sitawadanganya, mwanzoni nilipendeza. Miezi mitatu tu nimetakata, picha ninazo. Wifi akaanza kunitambulisha kwa wageni. Mume wangu hakusema kitu, na mpaka leo sijui alionaje, maana ni mtu wa kusoma gazeti. Ila vifundo vya vidole vilikataa. Viwiko vikakataa, magoti yakakataa. Mnajua mtaani tunavyoitwa: Fanta juu, Coca chini. Nikawa navaa mikono mirefu Dar es Salaam, mwezi wa Januari.

Wakati huo nilikuwa karani wa mahesabu kwenye ofisi moja mjini, meza dirishani, jua la asubuhi linanipiga shavu la kushoto. Nilidhani kioo kinanikinga. Kioo huzuia sehemu kubwa ya mionzi inayobabua, ile ya UVB, lakini UVA inapita, na UVA ndiyo inayochimba ndani na kuharibu kolajeni, zile nyuzi zinazoishikilia ngozi isilegee. Sisi watu weusi Mungu ametupa melanini, ile rangi ya ngozi yenyewe, na wataalamu wamekadiria kwamba kwenye ngozi nyeusi inafanya kazi kama sanskrini, yaani losheni ya kukinga jua, ya kiwango (SPF) cha 13 hivi. Haitoshi kwa jua la pwani, lakini ni mwavuli wa kuzaliwa nao. Mimi nilikuwa nalipa kila mwezi ili niuvue, halafu nakaa dirishani.

Mpaka leo ukinisimamisha juani utaona: shavu la kushoto lina mabaka zaidi ya la kulia. Picha zangu zote napigwa upande wa kulia. Mkiziangalia vizuri mtagundua.

Mwaka 2009 nikafanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Siku ya saba mshono ukaachia. Wakashona tena, ukaachia tena. Daktari, mzee mmoja mpole, akanivuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili akaiachia, akaitazama inavyorudi polepole. Akauliza mbele ya wanafunzi wake napaka nini. Nikasema mafuta ya kawaida. Akasema, "Mama, nashona karatasi iliyolowa." Wanafunzi wakainamisha vichwa. Sijui kama kuna aibu niliyoionja inayoshinda ile.

Kilichokuwa kwenye lile kopo la siagi nilikuja kuelezwa baadaye na daktari wa ngozi. Zile tyubu kwa kawaida ni steroidi kali, kama klobetasoli, dawa halali kabisa ya magonjwa ya ngozi, ila maelezo yake yanasema isizidi wiki mbili mfululizo, na usoni isipakwe. Mimi nilipaka miaka 11, mwili mzima. Inaikondesha ngozi, inaleta michirizi, mishipa inaonekana, kidonda hakifungi vizuri, na nywele za kidevuni zinaota (ndiyo, ziliota, nilikuwa nazing'oa usiku). Haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua, nayo inazuia ngozi kutengeneza rangi, lakini ukiitumia muda mrefu inaweza kukugeuka ikaacha weusi wa kijivu-bluu kwenye mifupa ya mashavu. Madaktari wa Afrika Kusini waliliandika jambo hilo tangu 1975. Na mikorogo mingine huwa na zebaki, ambayo inaumiza figo. Yote haya hayaruhusiwi kwenye vipodozi Tanzania, Kenya nao wamepiga marufuku, na bado nenda sokoni uone.

Sasa sikia kosa langu la pili, ambalo nadhani wengi mtalirudia msiponisikiliza. Nilitoka hospitali nikalimwaga kopo lote chooni siku hiyohiyo, nikajiona shujaa. Wiki mbili baadaye uso ukawaka. Ukavimba, ukatoa vipele vya usaha, ukawasha usiku kucha, ukawa mweusi kuliko nilivyozaliwa. Steroidi ukiizoesha ngozi halafu ukaikata ghafla, inalipiza. Daktari ndiye anayejua akupunguzie vipi, kidogo kidogo. Mimi nilijifungia ndani miezi, natoka kwenda kazini na mtandio mpaka puani. Ndipo ukatokea ule msiba wa 2010, na yale maneno ya kitenge.

Miaka iliyofuata haina hadithi. Niliacha, nikasubiri, nikapaka mafuta, nikasubiri tena. Ilichukua karibu miaka minne uso kutulia, na weusi wa kijivu juu ya mashavu haukuondoka. Upo, naufunika na poda nikienda harusini. Anayewaambia ana sabuni ya kuutoa kwa siku saba, mwulizeni nyumba amejengea hela za nani.

Halafu nikafika 50, hedhi ikakoma, nikaona tena mambo mapya. Ngozi ikakauka, miguu ikapauka hata baada ya kupaka, mikono ikawasha. Hapa hakuna uchawi: homoni ya estrojeni ikishuka, kolajeni nayo inashuka, na inakadiriwa mwanamke hupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi katika miaka mitano ya kwanza baada ya hedhi kukoma. Basi nikarudi kwa bibi yangu, na hii ndiyo siri mnayoidai kila siku.

Naoga maji ya uvuguvugu, yale ya moto nimeyaacha. Dodoki nimelitupa. Sabuni napaka kwapani, sehemu za siri kwa nje na miguuni, mwili uliobaki maji yanatosha. Nikitoka sijifuti nikakauka, napaka palepale mwili ukiwa na majimaji. Napaka mafuta ya mgando, lile kopo la bei rahisi, yasiyo na manukato. Kukiwa na baridi nachanganya gliserini na maji kidogo kwanza, halafu mafuta juu. Nazi napaka mwilini, usoni hapana, maana inanitoa chunusi. Wewe huenda isikutoe.

Na jua, ndugu zangu. Jua, jua, jua. Mtandio, mwavuli, kofia pana, chagua aibu yako. Sanskrini napaka asubuhi, kiwango cha 30 na kuendelea, hata siku za ofisini. Zile nyeupe zinatufanya tuonekane tumemwagikiwa unga, kwa hiyo mimi natumia yenye rangi, ambayo ina oksidi ya chuma na inakinga hata mwanga wa kawaida unaochochea mabaka. Bei yake inauma, sikatai. Msiniambie ni mambo ya Wazungu. Pale hospitali ya KCMC Moshi walianzisha kutengeneza losheni ya kukinga jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa sababu jua hili linaua watu hapahapa kwetu. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36 kwa saratani ya ngozi iliyoonekana chini ya ukucha wa dole gumba la mguu. Ile haikusababishwa na jua, lakini kwetu sisi weusi saratani hiyo hujificha huko: unyayo, kiganja, chini ya kucha. Ukiona doa geni huko linalokua, nenda ukaonwe. Usipake kitu.

Vile vidutu vyeusi vya mashavuni, vya kurithi, viacheni. Mama yangu alikuwa navyo, mimi ninavyo, binti yangu vimemwanza. Nilijaribu kufunga kimoja kwa uzi, nikapata kovu kubwa kuliko kidutu chenyewe.

Haya ndiyo niliyomwambia wifi palepale mezani, kwa kifupi, maana bibi harusi alikuwa anaingia. Nikafungua mkoba nikamwonyesha kopo la mafuta ya mgando na tyubu ya sanskrini iliyobinywa mpaka shingoni. Akacheka. "Usinifiche, wifi. Mimi si mtu wa nje." Bado alikuwa ameushika mkono wangu, na ndipo nikautazama wa kwake vizuri kwa mara ya kwanza tangu 1996. Vifundo vyote vyeusi tii, na juu ya kiganja ngozi nyembamba, mishipa ya kijani kama ramani.

Nikamwuliza tangu lini. Akatazama jukwaani, akapiga makofi na wenzake, akasema bila kunigeukia, "Kabla hujaja."

Ana miaka 61. Alhamisi nampeleka kwa daktari wa ngozi, na nimemkataza asitupe kopo lake mpaka amwone. Amekubali, kwa sharti kwamba nisimwambie mtu yeyote. Nimewaambia nyie tu.