Njia chaguo-msingi kwenye OSPF, na hatari ya neno always

Mwenzetu ameuliza kwa nini ruta zake za ndani hazipati njia chaguo-msingi (ile inayofuatwa pale pasipo na njia mahususi zaidi) kupitia OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kupashana habari za njia, ilhali ruta ya ukingoni ina njia tuli, yaani iliyoandikwa kwa mkono, ya 0.0.0.0/0 na ameshaandika redistribute static, amri ya kuingiza njia tuli kwenye OSPF. Tena anataka kujua kama kuongeza neno always kwenye amri ya default-information originate ndiyo dawa.

Kwenye ruta za Cisco, redistribute static haichukui njia chaguo-msingi. Anayetaka kuitangaza sharti aandike default-information originate ndani ya mchakato wa OSPF, na hapo ruta itatunga tangazo la aina ya 5 (la njia zitokazo nje ya OSPF), nazo ruta za ndani zitaonyesha mstari unaoanza na O*E2 0.0.0.0/0 [110/1].

Kuhusu always, nakusihi usiharakishe. Bila neno hilo, ruta hutangaza pale tu jedwali lake lenyewe linapokuwa na njia chaguo-msingi iliyotoka nje ya mchakato huo. Ukiliweka, itatangaza hata kama haina pa kupeleka pakiti. Niliwahi kusimamia mtandao wenye ruta mbili za ukingoni, nikaweka always kwenye zote mbili nikiamini kwamba naimarisha huduma. Kiungo cha mojawapo kilipokatika, ruta zilizo jirani nayo ziliendelea kuipelekea pakiti, kwa kuwa njia za E2 (njia za nje ambazo gharama yake haiongezeki njiani) zenye gharama sawa hupambanuliwa kwa ukaribu wa mtangazaji, na pakiti hizo zikatupwa papo hapo huku ruta ya pili ikiwa nzima. Majedwali ya ndani hayakuonyesha kasoro yoyote, na hilo ndilo lililonipotezea saa nyingi.

Hata kuondoa always hakutoshi ikiwa kati yako na mtoa huduma kuna swichi, maana kiolesura chako hubaki hai na njia tuli hubaki kwenye jedwali hata upande wa pili ukifa. Ifungamanishe njia hiyo na ping ya mara kwa mara, kwa ip sla na track, ili ping ikikosa jibu njia iondoke, na tangazo liondoke nayo.

Maeneo ya stub (sehemu za mtandao wa OSPF zisizopokea matangazo ya aina ya 5) hayahitaji default-information originate, kwani ruta ya mpakani huyaingizia njia chaguo-msingi yenyewe. NSSA ya kawaida (eneo linalofanana na stub lakini linaloweza kuingiza njia zake za nje) haipati njia hiyo mpaka uagize. Kabla ya kubadili chochote, andika show ip ospf database external 0.0.0.0 uone ni ruta zipi zinazotangaza.