Kabla Hujaombea Majeraha ya Wengine: Ushauri kwa Anayeanza Huduma ya Uponyaji wa Ndani

Umeombwa kujiunga na kikundi kinachosikiliza na kuwaombea watu wenye majeraha ya moyo, nawe umekubali, pengine kwa furaha iliyochanganyika na hofu. Nimekaa katika huduma hii miaka mingi, kwanza kama mtu aliyekuja kuombewa, baadaye kama msikilizaji, na sasa kama mmoja wa wanaowapokea wapya. Ninalotaka kukuambia ni hili: huwezi kumsindikiza mwenzako hadi palipo na jeraha lake ikiwa wewe mwenyewe hujakubali kutazamwa na Mungu jinsi ulivyo, na mahali pa kujifunzia kukubali huko si mikutano mikubwa wala siku za mafungo, bali ni kazi zilezile unazozifanya kila siku bila kuonwa na mtu.

Sikulijua jambo hilo nilipoanza. Katika mwaka wangu wa tatu tulikuwa na mafungo ya siku tatu, nami nilikabidhiwa mama mmoja aliyebeba uchungu wa muda mrefu. Nilimsikiliza kwa saa nyingi, nikakesha nikimwombea, na siku ya mwisho, wakati wa kutoa shukrani, zamu ya kuosha vyombo ilikuwa yangu. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nilimsikia mama yule akisimama na kumshukuru kwa machozi mwenzangu mmoja aliyekuwa ameketi naye asubuhi ile kwa muda mfupi tu. Jina langu halikutajwa. Mkononi nilikuwa na kikombe chenye doa la chai lililogandia chini, nikaanza kulisugua, nikaongeza nguvu, nikaendelea kusugua hata baada ya doa kutoka, mpaka mkono wa kikombe ukakatika na kubaki katikati ya vidole vyangu.

Niliduwaa nikikitazama kile kipande. Hasira niliyokuwa nayo haikulingana hata kidogo na lililotokea, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba lililoguswa lilikuwa la zamani kuliko mafungo yale. Nilikuwa mtoto aliyetumwa sana na kusifiwa kidogo, na kwa miaka yote ile nilikuwa nimejenga utumishi wangu juu ya njaa ya kuambiwa ahsante. Sikuona maono wala sikusikia sauti. Nilimwambia Mungu, mikono ikiwa bado imelowa, kwamba nina kijicho, kwamba nimechoka kukihalalisha, na kwamba anitazame hivyo hivyo. Kisha nikafuta vikombe vilivyobaki na kuvipanga. Ukiniuliza uponyaji wangu ulianza lini, nitakutajia ile karo ya jikoni.

Ninakusimulia haya kwa sababu karibu kila anayeanza hutazamia jambo kubwa, kama alivyotazamia Naamani katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 5. Amiri yule alikwenda kwa Elisha akidhani nabii atatoka nje, atasimama, ataliita jina la Mungu wake na kupunga mkono juu ya mahali pa ugonjwa. Badala yake aliletewa mjumbe tu, akaambiwa akaoge mara saba katika mto Yordani, akaondoka kwa ghadhabu. Angalia ni nani waliomwokoa. Habari za nabii alizipata kupitia kwa binti mdogo aliyechukuliwa mateka, na waliomrudisha mtoni walikuwa watumishi wake, waliomwambia kwa upole kwamba kama angeagizwa jambo gumu angelifanya. Ukoma wake ulitoka majini, lakini ili ayaingie maji hayo ilimbidi kwanza awasikilize watu waliokuwa chini yake. Nimewaona watu wengi wakikwama hapohapo: wako tayari kufunga siku arobaini, ila hawako tayari kumwambia mke au mume wao, “Nilikosea jana.”

Sasa nikaribie neno lenyewe, kwa maana katika huduma hii hakuna neno linaloumiza watu kama “unyenyekevu” likitumiwa vibaya. Mtakatifu Teresa wa Avila, aliyeishi katika karne ya 16, alifundisha kwamba kuwa mnyenyekevu ni kutembea katika ukweli, nami sijapata maelezo mafupi yaliyonisaidia kuliko hayo. Ukweli una pande mbili. Ni kweli kwamba mimi ni kiumbe, nina mipaka, nimetenda dhambi na ninahitaji kusamehewa. Na ni kweli vilevile kwamba Mungu ameniumba, ananipenda na amenipa vipawa ambavyo si haki kuvikana. Anayekana upande wa kwanza ana kiburi, lakini anayekana upande wa pili hajawa mnyenyekevu kwa kufanya hivyo. Amejidharau tu, na mtu anayejidharau huendelea kujitazama yeye mwenyewe kutwa kucha kama afanyavyo mwenye majivuno. Mtoza ushuru wa Luka sura ya 18 alipopigapiga kifua chake alisema, “Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi.” Hakusema kwamba hana thamani. Aliomba rehema, na mtu haombi rehema asipokuwa na tumaini kwamba kuna anayemjali.

Kwa hiyo mtu akija kwako akiwa amevunjwavunjwa na maneno au vipigo vya wengine, usimwanzie na wito wa kujinyenyekeza. Amekwisha kushushwa, anachohitaji ni kuinuliwa asimame wima katika ukweli wake. Na ninasema hili bila kuzungukazunguka: usimwambie kamwe anayepigwa nyumbani kwamba unyenyekevu wa Kikristo unamtaka arudi kukaa kimya. Kusamehe ni tendo la moyo ambalo huenda likachukua miaka, ila kujiweka mahali pa usalama ni jambo la leo, na hayo mawili hayapingani. Bwana wetu mwenyewe, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, aliuliza kwa nini anapigwa.

Ukitaka kujifunza namna ya kuligusa jeraha, soma polepole habari za Petro katika Injili ya Yohana. Katika sura ya 18, usiku wa baridi, Petro anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, na hapo anamkana Bwana wake. Katika sura ya 21, alfajiri, anafika pwani akiwa amelowa na kukuta moto wa makaa, na juu yake samaki, na mkate. Neno la Kigiriki linalotumika kwa moto huo linaonekana mara mbili tu katika Agano Jipya lote, katika sehemu hizo mbili. Fikiri harufu ile ilimkumbusha nini. Kristo hakumhubiria kuhusu usiku ule, hakumtaka aeleze sababu, wala hakumfokea mbele ya wenzake. Alisema, “Njoni mfungue kinywa.” Walipokwisha kula ndipo akamwuliza mara tatu kama anampenda, na mara ya tatu Petro alihuzunika, kwa kuwa uponyaji wa kweli hupita palepale palipouma. Kisha akakabidhiwa kondoo.

Mimi huisoma sura hiyo kila ninapojiandaa kumpokea mtu, na imenifunza mambo mengi kuliko semina zote nilizohudhuria. Chakula kilitangulia swali. Swali lilihusu upendo, si kosa. Aliyeliuliza alilijua jibu, lakini alimwachia Petro alitamke kwa kinywa chake. Na ukumbusho mchungu haukufutwa. Uliwekewa ukumbusho mwingine ubavuni, moto kwa moto, ili Petro atakaposikia tena harufu ya makaa asiukumbuke usiku wa uani peke yake.

Hapa naomba nikuonye kuhusu pupa ya kufukua. Usimwulize mtu, “Je, si kuna mtu aliyekutendea ubaya ulipokuwa mdogo?” wala usimwambie kwamba umeoneshwa jambo la utoto wake. Kumbukumbu ya binadamu si picha iliyofungiwa sandukuni. Hujengwa upya kila inapoitwa, na swali lenye jibu ndani yake laweza kumpandikizia mtu kumbukumbu ya jambo lisilotokea. Uliza maswali yaliyo wazi, kisha nyamaza. Yesu alimwuliza yule aliyekuwa ameugua miaka thelathini na minane, “Wataka kuwa mzima?” nacho kilikuwa kitu ambacho mtu yule angeweza kukijibu mwenyewe. Anayetumia dawa alizoandikiwa na daktari aendelee kuzitumia, na anayezungumzia kujiua apelekwe kwa wataalamu siku hiyohiyo, nawe umsindikize. Siri uliyoambiwa usiibebe kwenda nayo kwenye maombi ya kikundi, hata bila kutaja jina, maana watu hutambuana. Ila pale ambapo uhai wa mtu au usalama wa mtoto umo hatarini, mweleze mapema kwamba utalazimika kutafuta msaada.

Nirudi kwenye kazi za kila siku, kwa sababu ndiko utakakoishi kati ya kikao kimoja na kingine. Benedikto, aliyeandika kanuni ya watawa wake katika karne ya 6, aliweka ngazi 12 za unyenyekevu katika sura ya 7, lakini iliyonigusa mimi zaidi ni sura ya 31, anapomwagiza mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya monasteri kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altareni. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, Bruda Lawrence wa Ufufuko, askari wa zamani aliyejiunga na shirika la watawa liitwalo Wakarmeli Peku mjini Paris, alipangiwa jikoni, kazi ambayo kwa asili yake hakuipenda hata kidogo. Aliifanya kwa miaka mingi akizungumza na Mungu katikati ya sufuria na makelele, na baadaye akapelekwa kwenye kushona viatu. Alifariki mwaka 1691. Kinachonifariji katika habari zake ni kwamba alipogundua kuwa amemsahau Mungu kwa muda, hakujichapa kwa lawama. Alikiri, akarudi, akaendelea na kazi.

Chagua basi kazi moja ambayo huipendi na ambayo huwezi kuikwepa, na uifanye iwe mahali pako pa kukutana na Mungu kwa mwezi mzima. Usiiongezee sala ndefu. Ifanye kazi yenyewe vizuri, ukijua kwamba uko mbele zake. Utasahau mara nyingi, na kila utakapokumbuka utakuwa umepata nafasi ya kurudi, nayo mazoezi ni huko kurudi. Usimtangazie mtu kwamba unafanya hivyo.

Jioni tenga dakika kumi na tano za kuipitia siku. Desturi hii huhusishwa hasa na Mtakatifu Ignasi wa Loyola, ambaye safari yake ilianza kitandani: mnamo Mei 1521 risasi ya mzinga ilimvunja mguu huko Pamplona, na katika miezi ya kuuguza jeraha aligundua kwamba ndoto zake za fahari za kishujaa zilimpendeza kwa muda kisha zikamwacha mkavu, ilhali mawazo ya kumfuata Kristo yalimwachia furaha iliyodumu. Hakuwa na mwalimu wakati ule. Alichokuwa nacho ni utayari wa kuangalia yanayopita ndani yake. Anza kwa kushukuru kwa jambo mahususi, omba mwanga, kisha upite saa baada ya saa ukitafuta pale moyo ulipofunguka na pale ulipokaza. Daftari langu lina mistari kama hii: “Saa nne, simu ya kaka, nilijibu kwa mkato. Kwa nini?” au “Mchana, mtoto wa jirani alinishika mkono, nilitulia ghafla.” Baada ya wiki kadhaa utaona kwamba moyo wako hukaza mahali palepale kila mara. Hapo ndipo pa kumwalika Mungu, na ikiwezekana pa kumweleza kiongozi wako wa kiroho, maana majeraha mengine hayaonekani vizuri kwa mwenyewe.

Si kila jeraha litafungwa. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akajibiwa, “Neema yangu yakutosha,” na mwiba ukabaki. Usimhesabie mtu upungufu wa imani kwa sababu bado anaumia, wala usijihesabie wewe. Kijicho changu hunitembelea hata leo, kwa kawaida wakati mwenzangu anaposifiwa. Siku hizi nakitambua kinapobisha hodi, nami humwombea huyo anayesifiwa kabla sijaketi.

Siku utakapompokea mtu wa kwanza, fika mapema. Panga viti viwili vya urefu mmoja, visitazamane uso kwa uso kabisa, ili mwenzako apate mahali pa kupumzisha macho anapolia. Weka maji ya kunywa karibu naye, zima simu, keti kimya mpaka pumzi yako itulie. Akianza kuzungumza usimkatishe, na akinyamaza usikimbilie kuujaza ukimya kwa maneno ya Maandiko. Ukiona ni lazima kuomba kwa sauti, mwulize kwanza kama angependa. Akiondoka mkabidhi kwa Mungu kwa sentensi moja, kisha vioshe vile vikombe mwenyewe.