Shotigani ya Zamani: Jua Kwanza Inakula Risasi Gani

Kiangazi kikikaribia huwa napigiwa simu na watu waliokwishapata vibali vyao, kile cha silaha kutoka polisi na kile cha uwindaji kutoka TAWA, mamlaka ya wanyamapori, wakiniuliza: ninunue shotigani gani? Wanatarajia nitaje jina la kiwanda. Mimi huuliza kwanza: hapo unapokaa wanauza risasi za geji gani? Huku kwetu kanda ya kati geji 12 inapatikana. Geji 16 utaitafuta hadi kiangazi kiishe, hata kama bunduki yenyewe ni nzuri na muuzaji amekupunguzia bei. Bei imepungua kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa asiyezoea namba hizi: geji ni idadi ya goroli za risasi, yaani ile metali nzito, zenye upana sawa na tundu la mtutu, ambazo kwa pamoja zinafikia ratili moja, karibu gramu 454. Kwa hiyo namba ikipanda, tundu linapungua. Geji 12 ina tundu la takriban milimita 18.5, geji 20 milimita 15.6. Zishike namba hizo mbili, nitazirudia.

Kwa anayeanza, anayewinda kanga na kwale, ushauri wangu haujabadilika: chukua ya mitutu miwili inayokunjwa. Ukiikunja, wewe unaona iko tupu, na mwenzako aliye mbali naye anaona. Zile Baikal zinazotoka Izhevsk, Urusi, ni nzito na hazina urembo, lakini chuma chake ni kinene na mitambo yake inavumilia vumbi. Mimi nazipenda. Pampu, zile unazopakia kwa kuvuta na kusukuma mbao ya mbele, nazo ni imara. Remington 870 inatengenezwa tangu mwaka 1950 na Mossberg 500 tangu 1961, na zote zimethibitika. Shida ya pampu ni kwamba ukiitazama kwa nje hujui kama ina risasi, na anayeanza anaweza kutoa risasi ya kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kupigwa, akasahau zilizobaki kwenye bomba chini ya mtutu. Za kujipakia zenyewe waachie wazoefu, hasa Browning Auto-5 za zamani. Ndani yake kuna pete za msuguano zinazopangwa kulingana na nguvu ya risasi. Zikipangwa kwa risasi nyepesi halafu ukapiga nzito, mtutu unarudi nyuma kwa kishindo na mbao ya mbele inapasuka. Ukikuta ya kuuzwa ina ufa hapo, sababu ndiyo hiyo.

Ukienda kuangalia iliyotumika, usikimbilie kitako kilichopakwa vanishi. Hakikisha iko tupu, itoe mitutu, ielekeze kwenye mwanga na chungulia pande zote mbili. Ndani pawe pang'avu, na duara za mwanga zikae sawasawa. Ukiona kivuli kama pete, mtutu umevimba hapo, iache. Vidonda vya kutu vilivyo karibu na chemba ni vibaya kuliko vya mdomoni, kwa sababu chemba ndipo presha inapokuwa kubwa. Kisha ning'iniza mitutu kwa kamba na uigonge taratibu kwa ukucha: ikilia kama kengele, ulehemu umeshika, ikitoa mlio wa kukwaruza, ubavu, ule ukanda unaounga mitutu miwili, umeachia mahali. Rudishia mitutu bila ile mbao ya mbele, funga, kisha itikise. Ikicheza, au ukaona mwanga kati ya mitutu na ukuta wa nyuma, hiyo ni kazi ya fundi kabla haijawa bunduki ya kupiga. Mwisho weka risasi bandia, funga sefti, yaani kile kizuizi cha kufyatua, vuta kifyatulio. Halafu fungua sefti na ugonge kitako kwa kiganja. Nyundo isianguke katika hali yoyote kati ya hizo.

Sasa za zamani. Wengi wanaziogopa kwa umri wake, lakini nimeshika shotigani zilizotengenezwa kabla ya vita vya pili vya dunia ambazo zinafunga vizuri kuliko mpya za bei rahisi. Kilichobadilika zaidi ni risasi. Chemba za geji 12 za Kiingereza za enzi hizo nyingi zilichongwa kwa urefu wa milimita 65. Risasi zinazojaa madukani leo ni za 70, na nyingine 76. Mtego uko hapa: urefu unaoandikwa kwenye risasi ni wa ganda likishafunguka baada ya kupigwa. Likiwa bado limekunjwa mdomoni ni fupi, kwa hiyo risasi ya 70 inaingia kwenye chemba ya 65 bila kusukumwa, na bunduki inafunga. Mtu anasema, imeingia, basi ni yake. Siyo yake. Ikilipuka, mdomo wa ganda unafungukia pale mtutu unapobanana, marisau, vile vigololi vya ndani ya risasi, yanalazimika kupita kwenye njia iliyozibwa, na presha inapanda. Huenda isipasuke siku hiyo. Italegea kidogo kidogo, na mwenye nayo atasema imezeeka.

Risasi za 76 zina hatari nyingine juu ya hiyo. Kwa viwango vya Ulaya, risasi ya kawaida ya 70 inaruhusiwa presha ya hadi bari 740. Zile za nguvu za 76 zinafika 1,050. Kwa hiyo kabla ya yote, mpe fundi apime chemba kwa kipimo chake, apime na unene wa kuta za mitutu. Chungulia pia mihuri iliyo chini ya mitutu, karibu na chemba. Bunduki ya Kiingereza iliyojaribiwa kwa baruti za kisasa itakuwa na neno NITRO au herufi NP. Ikikosa alama hiyo, ichukulie kuwa ni ya enzi za baruti nyeusi.

Na zile zenye mitutu yenye mistari ya kujipinda kama ngozi ya chatu, zinazoitwa Damascus? Mafundi walisokota vipande vya chuma cha aina mbili, wakavizungushia fimbo na kuviunga kwa moto na nyundo. Ni kazi ya mikono inayostahili heshima. Lakini kutu inaweza kujificha ndani ya maungio, isionekane ndani wala nje. Mwenye nayo Uingereza anaweza kuipeleka ikajaribiwe upya kwenye nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1813. Mimi niliye Singida siwezi, kwa hiyo siipigi, na sikubali mtu aipige nikiwa karibu.

Rudi kwenye zile namba mbili. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye mtutu wa geji 12 haibaki kwenye chemba. Inateleza na kukwama mbele kidogo, haionekani. Mwindaji anasikia bunduki kimya, anadhani hakupakia, anaweka ya 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu unapasuka pale pale mkono wa kushoto uliposhika. Ndiyo maana viwanda vingi hutengeneza maganda ya geji 20 kwa rangi ya njano. Kama nyumba yenu ina geji zote mbili, zisitoke siku moja, wala zisikae mfuko mmoja.

Chungulia mitutu kila unapoitoa bunduki ndani. Nyigu wa udongo hupenda sana tundu tulivu kama lile, na kiota kikavu kinatosha kupasua mtutu. Ukipiga na mlio ukawa dhaifu, simama. Toa risasi zote, hakikisha hakuna kilichobaki njiani. Ukivuta ikasema "ka" bila kulipuka, ielekeze pasipo na mtu, hesabu hadi thelathini, ndipo uifungue. Marisau ya chuma usiyapige kwenye mtutu wa zamani, hasa wenye choki, yaani mbano wa mdomoni mwa mtutu, ya kubana sana. Na maganda ya karatasi aliyoacha babu, yaliyokula unyevu wa masika mengi, yapeleke polisi.

Bunduki yenyewe aliyoiacha babu nayo ianzie huko huko polisi. Leseni ilikuwa yake. Hairithiwi pamoja na shamba. Ipelekwe, ifuate utaratibu kwa jina lako, hata kama ndugu wanasema imekaa nyumbani miaka yote bila tatizo.

Ikirudi mikononi mwako na fundi akishairidhia, anza na risasi nyepesi, zenye gramu 28 au 30 za marisau na urefu wa chemba yako. Ifunge kwenye tairi la gari mahali pa kulengea shabaha, funga kamba ndefu kwenye kifyatulio, simama nyuma ya mti mnene na uvute. Fanya hivyo kwa kila mtutu, kisha utazame maganda: yakiwa na ufa, au fataki, kile kidonge cha kuwashia kilicho kitakoni mwa ganda, imetoboka, bunduki inarudi kwa fundi.