Maswali na Majibu: Ndege inapotua upepo ukivuma ubavuni

Swali: Nimeona video za ndege kubwa zikikaribia kutua huku pua imeelekea kando kabisa ya njia ya kutulia. Je, rubani huwa ameshindwa kuinyoosha? Na mbona magurudumu hayavunjiki?

Hajashindwa. Ndege huruka ndani ya hewa, na hewa ikihama, ndege huhama nayo. Ili ibaki juu ya mstari wa katikati wa njia, rubani huelekeza pua upande upepo unakotokea, kama mpiga makasia anayevuka mto wenye mkondo. Ndege iliyo kwenye mwendo wa noti 140, ikipata upepo wa noti 30 ubavuni (noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa), huhitaji kupinda kiasi cha digrii 12. Wakati huo mabawa yako sawa na hakuna pedali (ya mguu, inayogeuza usukani wa mkiani) iliyokanyagwa.

Kazi yenyewe iko mwishoni. Kwa ndege kama A320, ndege ya abiria ya kampuni ya Airbus, karibu futi 30 kutoka ardhini rubani huanza kuinua pua ili kupunguza kasi ya kushuka. Hapo hapo hukanyaga taratibu pedali ya upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea, ili pua ilingane na mstari. Pua inapogeuka, bawa la joshini, lile la upande upepo unakotokea, hutangulia mbele na kupata nguvu zaidi ya kunyanyuka. Mabawa ya jeti yamelazwa nyuma, na hilo huongeza tofauti kati ya bawa na bawa. Kwa hiyo mkono lazima ufuate mguu: usukani huelekezwa joshini ili bawa hilo lishikiliwe chini. Kosa la kawaida la anayejifunza ni kukumbuka mguu na kuchelewesha mkono.

Mguu ukiwahi mno, upepo huanza kuisukuma ndege kando kabla haijagusa, na njia nyingi za ndege kubwa zina upana wa mita 45 tu. Mguu ukichelewa, ndege hugusa ikiwa imepinda. Upepo ukiwa mkali sana, hakuna haja ya kung'ang'ania kunyoosha kila kitu: mwongozo wa Airbus kwa ndege hizi unaruhusu kugusa na mpindo usiozidi digrii 5, na bawa kuinama kusizidi digrii 5. Ukiinamisha zaidi ya hapo unakaribisha injini au ncha ya bawa kukwaruza lami.

Magurudumu hayavunjiki kwa sababu miguu ya ndege imeundwa kubeba mzigo wa pembeni. Isitoshe, magurudumu makuu yako nyuma ya kitovu cha uzito. Yakishika lami, uzito ulio mbele yake huendelea kuvuta kuelekea ndege inakokwenda, na pua hujinyoosha yenyewe. Abiria huhisi mtikisiko wa kando na tairi huchubuka.

Swali: Rubani anajuaje ni kiasi gani cha upepo kinampiga ubavuni?

Kwa hesabu ndogo ya kichwani. Chukua tofauti kati ya mwelekeo wa upepo na mwelekeo wa njia. Tofauti ya digrii 30 ni nusu ya upepo, digrii 45 ni asilimia 70, digrii 60 ni karibu asilimia 90, na digrii 90 ni upepo wote. Tuseme njia ni 09 (yaani digrii 90), na upepo unatoka digrii 150 kwa noti 25, dharuba zikifika 38. Tofauti ni digrii 60, kwa hiyo ubavuni kuna noti 22, na dharuba ikipiga ni 33. Anayepanga kutua atumie hiyo 33.

Angalia pia upepo umepimwa kwa kaskazini ipi. Ripoti ya hewa iliyoandikwa hutumia kaskazini ya kweli, lakini mwelekeo unaotajwa kwa redio na mnara wa kuongozea ndege ni wa dira, sawa na namba ya njia. Mahali ambapo dira hupotoka sana, tofauti hiyo inaweza kuharibu hesabu yote.

Upepo wa ubavuni peke yake hauongezi kasi ya kutua. Kinachoongeza ni upepo wa mbele na dharuba. Kwa ndege nyingi za Boeing, rubani anayeendesha nguvu za injini kwa mkono huongeza nusu ya upepo wa mbele pamoja na dharuba yote, bila kuzidi noti 15. Katika mfano wetu upepo wa mbele ni kama noti 12, nusu yake ni 6, na dharuba inauzidi upepo kwa 13; jumla 19. Basi anaishia 15.

Swali: Ni kweli kwamba A320 hairuhusiwi kutua upepo ukizidi noti 38?

Si hivyo hasa. Kanuni za Marekani na za Ulaya humtaka mtengenezaji athibitishe kuwa ndege inamudu angalau noti 20 za ubavuni, au sehemu ya tano ya kasi ambayo ndege huishiwa nguvu ya kuelea, ile iliyo kubwa zaidi; lakini halazimiki kuvuka 25. Hiyo 38, dharuba zikiwemo, ni kiasi kilichothibitishwa katika majaribio ya kutua. Shirika la ndege ndilo huweka kikomo chake, na kwenye njia yenye maji mengi, theluji au barafu kikomo hushuka sana, kwa sababu tairi haziwezi tena kuikamata lami.

Namba hii si ya kuchezea. Tarehe 1 Machi 2008, A320 ya Lufthansa ilijaribu kutua kwenye njia 23 mjini Hamburg wakati wa dhoruba iliyoitwa Emma. Upepo ulitoka digrii 290 kwa noti 28, dharuba zikafika 47. Piga hesabu: tofauti ni digrii 60, ubavuni noti 41. Bawa la joshini likanyanyuka na ncha ya bawa la kushoto ikagusa lami. Marubani waliongeza nguvu, wakapaa tena, wakatua salama kwenye njia 33. Kwa upepo ule ule, njia hiyo ingewapa dharuba ya noti 30 tu ubavuni. Hakuna aliyeumia.

Swali: Baada ya magurudumu kugusa, hatari si imekwisha?

Haijaisha. Mkia uliosimama wima hushikwa na upepo na kutaka kugeuza pua joshini, wakati huo huo usukani wa mkiani unapoteza nguvu kadiri mwendo unavyopungua. Rubani huendelea kufanya kazi kwa pedali hadi mwendo wa polepole.

Ndege ikianza kuteleza kando huku pua imepinda, msukumo wa kinyume wa injini, ule unaoelekezwa mbele ili kupunguza mwendo, huivuta zaidi kuelekea ukingoni. Dawa yake inaonekana kinyume cha akili: punguza msukumo huo hadi wa chini kabisa, achia breki ili tairi zipate kushika tena, rudi kwenye mstari, kisha ndipo usimamishe.

Kabla msukumo wa kinyume haujafunguliwa, kupaa tena bado kunawezekana, hata kama magurudumu yameshagusa. Ukishafunguliwa, lazima ndege isimamishwe. Kwa maoni yetu rubani anayepaa tena kwa sababu mambo hayajakaa sawa anastahili shukrani kuliko yule aliyelazimisha kutua akapigiwa makofi.

Swali: Kwa nini wasiiachie mitambo itue yenyewe?

Kwa sababu mitambo huchoka mapema kuliko mtu. Kutua kwa otomatiki kuliwekwa hasa kwa ajili ya ukungu, na ukungu mzito kwa kawaida huja na upepo mdogo. Kikomo cha A320 kutua yenyewe ni noti 20 za ubavuni. Kuzidi hapo, rubani huizima mitambo hiyo na kutua kwa mkono.