Gesi nayo ina uzito jamani

Karibu maswali yote mliyoleta ya uzito kupotea ni lile lile: mnapima kilichobaki kwenye sahani ya mizani mnasahau kilichoruka.

Makaa jiko zima, asubuhi nakuta konzi moja ya jivu. Si uzito umepotea huo? (Kisauni)

Haujapotea, umetokea dirishani. Makaa karibu yote ni kaboni, yakiwaka vizuri kila gramu 12 za kaboni zinashika gramu 32 za oksijeni ya hewani zinakua gramu 44 za kabondayoksaidi, kwa hivyo kilichoruka ni kizito kushinda makaa uliyonunua, na hilo jivu ni madini tu yasoungua. Mwanakemia Lavoisier alilionyesha hili Ufaransa miaka ya 1770, alikua achomea vitu ndani ya vyombo vilivyozibwa. Na kwa vile umetaja asubuhi, nakuomba sana hilo jiko lisilale ndani na nyinyi, hata masika ikipiga vipi. Hewa ikiwa finyu yatoka kaboni monoksaidi, haina harufu haina rangi, na inaua mtu usingizini.

Chumvi ikiyeyuka uzito unaenda wapi?

Hauendi. Gramu 10 ndani ya gramu 100 za maji ni 110, pima.

Ikwesheni ya haidrojeni na oksijeni yanikataa, naweza kuandika H2O2 ili zilingane? (fomu tuu, Likoni)

Hapana! Hili nishalijibu mpaka basi. H2O2 ni ile dawa ya kusafishia vidonda, si maji. Namba za chini haziguswi, weka za mbele: 2H2 + O2 → 2H2O, gramu 4 za haidrojeni na 32 za oksijeni ndio 36 za maji. Mtoto anakaririshwa haya bila kuonyeshwa mizani hata siku moja, ataelewa vipi?

Siki na bekingi soda ndani ya chupa, tukavalisha puto mdomoni, gesi haikutoka hata chembe, mbona mizani imesoma pungufu? (mwalimu, Changamwe)

Hili ndilo swali! Gesi yote imo, ila puto likivimba hewa ya nje inalibeba juu kidogo vile maji yabebavyo mashua. Lita moja ya hewa ni kama gramu 1.2, kwa hivyo puto likivimba lita moja mizani itapunguza hiyo hiyo. Tumia chupa ya soda ya plastiki, hiyo haivimbi kama puto, bekingi soda nusu kijiko cha chai tu, uifunge kwa tishu, udondoshe ndani ya siki ukaze kifuniko upesi. Ya kioo usithubutu, yaweza kupasukia watoto usoni. Ukishapima legeza kifuniko polepole, ikimaliza kufoka pima tena, hapo darasa zima litaona gesi iliyotoka ilikua gramu ngapi.