Kopi tatu kwenye seva moja ni kopi moja, mkuu

Mkuu simama hapo hapo, usiguse kibodi. Umesema klasta yako ya Ceph (mfumo unaohifadhi data kwa kopi kwenye seva kadhaa) ina seva tatu zenye diski 12 kila moja, ukizima seva moja inalia "undersized", yaani kopi hazijatimia, na kuna jamaa kakwambia ubadili kanuni ya CRUSH, inayoamua kopi ikae wapi, kopi zitenganishwe kwa osd (diski moja moja) badala ya host (seva nzima) ili onyo lipotee. Litapotea kweli. Na data nayo.

Huo ushauri mimi niliulipia kwa invoisi! Mtaalamu kaja na laptopu imejaa stika, kaweka osd, HEALTH_OK ya kijani, kachukua chake kasepa. Kumbe ile ni setingi ya watu wanaofanya majaribio kwenye mashine moja, ambao hawana seva ya pili ya kupeleka kopi. Na huyu alikuwa anatuwekea mfumo wa mishahara, jamani.

Piga hesabu ambayo yeye hakupiga. Diski 36, kopi 3 zinaangukia popote. Mazabodi ya seva moja ikiungua, kama asilimia 3 ya PG (mafungu ambayo Ceph inagawia data) zina kopi zote mle mle, asilimia 22 nyingine zimebakiwa na kopi moja tu huko nje, na min_size (kopi chache kabisa zinazotakiwa ili data isomwe na kuandikwa) ikiwa 2 zote hizo zinagoma. Utasema si robo tu? RBD, sehemu ya Ceph inayozipa VM (mashine pepe) diski zake, inakatakata diski ya VM vipande vya MB 4 inavimwaga kwenye PG zote, VM ya GB 100 ina vipande zaidi ya elfu 25, sasa niambie ipi itapona. Kwetu ziliganda zote, Ijumaa jioni bila shaka, hivi vitu vina kalenda. Yule mtaalamu kwenye simu ananiambia "weka min_size 1". Nikaweka, watu wanasubiri mshahara ningefanyaje, diski iliyobaki na kopi pekee ikapokea data mpya peke yake halafu ikafa nayo. Seva ikarudi na mazabodi mpya, Ceph inasema "unfound": inajua kuna toleo jipya kuliko lililopo, haijui liko wapi. Na mimi nikawa unfound kwa bosi wiki nzima.

Kabla ya kuhesabu kopi uliza kitu gani kimoja kinaweza kuua mbili kwa mpigo, hicho ndio ukiandike kwenye kanuni. Host ndio kima cha chini. Ukiwa na raki kadhaa, kila moja na swichi na umeme wake, weka rack, ila fuata waya wa umeme kwa mkono wako usiamini mchoro, CRUSH haijui waya umechomekwa wapi mpaka uiambie. Hata HDFS, mfumo wa mafaili wa Hadoop, usipoipa skripti ya topolojia (ya kuieleza nodi ipi iko raki gani) nodi zote inazitupa kwenye /default-rack.

Hilo onyo lako la undersized halina kosa, kopi ya tatu haina pa kwenda. Nunua seva ya nne.

Wewe kwanza tupia hapa matokeo ya ceph osd tree, amri inayoonyesha diski ipi iko seva gani.