Darasani wanachekana makabila: jaribu ngoma

Mwalimu wa Jinja, Uganda, umeuliza ufanyeje darasa linapowacheka watoto wa Kiacholi kwa lafudhi yao. Hotuba za umoja achana nazo, wamezizoea. Wafundishe larakaraka, ngoma ya Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, na Waacholi hao ndio wawe walimu. Wasipoijua, mwalike mzazi wao. Kila mtoto ashike nusu ya kibuyu aigonge kwa spoki za baiskeli. Mdundo utawapiga chenga, na wa kuwarekebisha ni yuleyule waliyemcheka jana.

Muhula ujao leta bakisimba, ngoma ya Baganda, kisha ekitaguriro ya Wanyankole, mikono juu kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Ila tafadhali, usishindanishe kabila na kabila, changanya vikundi. Larakaraka ni ngoma ya uchumba, kwa hiyo wazazi wengine watakuja juu. Waeleze mapema.